Nimeanza kuichukia dizeli, na ndiyo inayonilisha

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni fundi wa magari ya dizeli. Niliingia gereji kama kijana wa kuosha vipuri, nikakabidhiwa spana, na tangu hapo sijafanya kazi nyingine. Nakuandikia kwa sababu kitu kilichonipa jina kimeanza kunitia uchungu, na sijui kama tatizo ni langu au ni la haya magari.

Zamani niliipenda dizeli kupita kiasi. Lori linaingia linatetemeka, moshi mweupe, dereva amekata tamaa. Mimi nachukua spana moja. Nalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, ile inayorusha dizeli kwenye silinda, huku injini ikiunguruma, nasikiliza. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ni nzima. Nakaza, nahamia ya pili. Nikifika kwenye ile ambayo nalegeza na injini wala haishtuki, nimempata mgonjwa. Waya hakuna, kompyuta hakuna. Kuna gereji zilikuwa zinaniita nikasikilize tu, nikisema tatizo naondoka, wanatengeneza wenyewe.

Siku hizi karibu kila linaloingia ni la komoni reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, na kompyuta ndiyo inayoamuru. Taa ya injini imewaka, nguvu hamna, mlima halipandi. Nachomeka mashine ya kupimia, inanimwagia orodha ya makosa ya sensa hizi na zile, nabaki naikodolea macho. Nabadilisha sensa, kosa linarudi. Au nozeli imegandia kwenye silinda hedi, naivuta tangu asubuhi. Ikitoka jioni inatoka na lami nyeusi, kwa sababu washa ya shaba (pete ya kuziba) chini yake ilianza kuvuja zamani na hakuna aliyejali. Nikifunga mpya, injini haiikubali vizuri mpaka namba zilizoandikwa juu ya nozeli ziingizwe kwenye kompyuta. Mteja akisikia bei ya kipuri ananitazama kana kwamba kiwanda ni cha mjomba wangu (samahani, Mjomba).

Kuna na hili la kukata. Wanakuja wakitaka niondoe chujio la masizi, nizibe vali inayorudisha moshi, nidanganye kompyuta. Nakataa. Wanavuka barabara wanaenda kwa mwingine, na mimi nabaki na uadilifu wangu na gereji tupu.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni magari yangu mwenyewe. Nina pikapu ya dizeli na lori dogo la kubebea mizigo. Lori nililinunua injini ikiwa imekufa, nikaifufua kwa mikono yangu, nikampa dereva. Siku niliyoliwasha sikulala kwa furaha. Sasa hivi simu ya dereva ikiita baada ya jua kuzama, tumbo linaniuma kabla sijapokea. Nikimaliza magari ya wateja ndipo naingia chini ya langu, na tochi mdomoni. Likitengemaa wiki hii klachi, wiki ijayo beringi ya gurudumu.

Pikapu niliinunua kwa sifa tu, nikubali. Fundi wa dizeli anaendesha petroli? Inanipeleka kazini na kunirudisha, mwendo mfupi. Taa ya chujio la masizi inawaka kila mara. Juzi nimechomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikakuta oili imepanda badala ya kushuka, na inanuka dizeli. Najua maana yake. Nimerudisha dipstiki nikafunga boneti. Mke wangu anasema gari bovu kuliko yote mtaani ni la fundi.

Nina kikohozi cha asubuhi ambacho kimekaa, na mgongo nao una hadithi yake. Nawaza niuze kila kitu, niache dizeli, nijifunze magari ya petroli au hata ya umeme. Halafu hivi karibuni likaingia tipa la zamani, la pampu ya kawaida, nikajikuta nafanya kazi huku napiga mluzi, na vijana wangu wananicheka. Kwa hiyo sijielewi. Nimechoka tu, au mapenzi yamekwisha?

Ni mimi,
Fundi wa Chini ya Gari

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma nikitafuta mahali unapoichukia dizeli, sijapaona. Hata ile nozeli iliyogandia umeieleza kama mtu anayesimulia mechi aliyoshinda kwa taabu. Ila ukifika kwenye pikapu na lori lako, sauti inabadilika. Kwa spana yako ileile ya zamani, silinda mbovu ni hiyo: umiliki. Umechoka kuwa mteja wa gereji yako, tena mteja mbaya, asiyelipa na anayehudumiwa usiku.

Kwa hiyo tuanze na mali, kazi tutaifikia.

Fundi mwenye gari ana ugonjwa mmoja wa hesabu: haandiki ufundi wake. Anaandika klachi, anaandika beringi, anaandika oili, halafu anasema, "Mkono wangu bure." Mkono wako una bei, na wateja wako wanaijua. Saa unayokaa chini ya lori lako umeiiba ama kwenye gari la mteja ama kwenye usingizi wako, na barua yako inaonyesha umeiba kwenye vyote viwili. Chukua daftari. Andika kila kazi uliyolifanyia lori kwa bei ambayo ungemtoza mtu usiyemjua, na usiku umtoze zaidi, maana mteja angelipa zaidi. Weka kando na mapato aliyoleta dereva.

Kisha jiulize swali moja tu: lori hili lingeweza kumlipa fundi mwingine na likabaki na faida? Kama ndiyo, basi libaki, lakini mlipe huyo fundi mwingine. Ndiyo, ulipeleke gereji ya mwenzako, umpe pesa, ukae kwenye benchi kama wateja wengine usome gazeti. Najua itakukwaruza kooni. Kama haliwezi, basi halijawahi kuwa biashara. Ulichonacho ni kibarua cha pili kisicho na mshahara, na muda wa kukiuza ni sasa, likiwa linatembea. Lori linalotembea lina bei, lililokaa juu ya mawe lina maelezo. Kwamba ulilifufua kwa mikono yako hakuna atakayekunyang'anya. Ile furaha uliipata siku ulipoliwasha. Hukuandika popote kwamba unafurahi kulimiliki.

Pikapu ni kesi rahisi. Uza.

Wewe unajua sababu kuliko mimi, lakini kuna wasomaji wengine hapa wanaotaka kununua dizeli kwa sifa kama wewe, kwa hiyo niruhusu nieleze. Injini ya dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Inaibana hewa mpaka iwe na joto la kuwasha mafuta yenyewe, mara 16 hivi au zaidi, wakati petroli nyingi zinacheza karibu na 10. Ubanaji huo ndio unaoipa nguvu na kuifanya itumie mafuta vizuri, na ndio huohuo unaoifanya iwe nzito, ya vyuma vinene na vipuri ghali. Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake mwaka 1897, ilipimwa ikageuza zaidi ya robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za wakati huo hazikulikaribia. Na mwanzoni ilikaa viwandani, iwashwe asubuhi, ipewe mzigo, iungurume mpaka jioni. Tabia hiyo haijaiacha. Dizeli inarudisha gharama zake kwa kilomita na kwa mzigo. Ukiipa safari fupi na siti tupu, unalipia oili nyingi zaidi, filta zaidi, turbo na nozeli za bei kali, na hupati chochote cha kukurudishia.

Kwa hizi mpya kuna balaa la nyongeza. Chujio la masizi linajisafisha kwa kuchoma masizi, na yanahitaji joto la nyuzi 550 hadi 600 hivi kuungua sawasawa. Injini nyingi hulipata joto hilo kwa kurusha dizeli ya ziada pistoni ikiwa tayari inashuka. Ukizima gari katikati kwa sababu umefika kazini, kazi imekatika. Kesho inaanza upya, kesho kutwa tena. Ile dizeli ya ziada inateleza kwenye kuta za silinda, inapita ringi, inaingia kwenye oili. Ndiyo hiyo uliyoinusa. Mteja angekuletea gari hilo na kukwambia anaendesha mwendo mfupi kila siku, ungemwambia amenunua gari lisilo lake. Jiambie hivyohivyo. Kanunue kagari kadogo ka petroli. Watakucheka wiki moja, halafu watahamia kwa mwingine. Jina la fundi linatembea kwenye magari ya wateja. Ya kwake mwenyewe hayaangaliwi na mtu, isipokuwa na mkeo, ambaye kwa kweli amesema maneno ya haki kabisa.

Sasa kazi. Unadhani sikio lako limestaafishwa na kompyuta. Mimi naona umepata kazi ileile kwa njia nyingine na hujaisamehe tu. Ulichokuwa unafanya na ile spana ni kutenga: huyu mzima, huyu mzima, huyu mgonjwa. Kwenye komoni reli fanya hivyo kwa chupa. Toa mipira ya mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, unganisha mipira inayoonyesha ndani, kila mmoja uingie kwenye chupa yake, chupa ziwe za ukubwa mmoja. Iache injini iungurume taratibu dakika chache. Chupa inayojaa mbele ya wenzake imekuonyesha nozeli inayovujisha kwa ndani na kuinyima reli presha. Hakuna mashine ya bei mbaya hapo, na mteja akiona chupa kwa macho yake habishani na wewe kuhusu bei.

Hiyo orodha ya makosa nayo, usiibadilishie sensa moja baada ya nyingine. Makosa mengi yanayokuja kwa mpigo mara nyingi ni kosa moja. Sensa nyingi zinagawana laini ya volti 5 kutoka kwenye kompyuta; moja ikipiga shoti, zote zilizo kwenye laini hiyo zinaanza kusema uongo. Pima hiyo volti. Ikiwa chini, chomoa sensa moja moja huku unaangalia mita. Ile ambayo ukiichomoa volti inaruka kurudi mahali pake, ndiye mgonjwa wako. Umeona? Ni ileile ya kulegeza nati. Kabla ya yote angalia betri na waya za ethi, maana betri iliyochoka inaleta maajabu ambayo hata mganga hawezi kuyasoma.

Hapa nina jambo ambalo limenitia wasiwasi kuliko kikohozi chako. Ulisema vijana wako walikuwepo ulipokuwa unatengeneza lile tipa. Kama walikuona unalegeza nati za nozeli injini ikiwa hai, kaa nao leo uwaambie kwamba hiyo haifanywi kwenye komoni reli, kamwe. Nozeli za zamani zilikuwa zinafunguka kwa presha ya baa 200 hivi. Reli ya siku hizi inashika 1,600 na kuendelea, nyingine zinapita 2,000. Uzi wa dizeli kwa presha hiyo unapenya ngozi kama sindano, na glavu haiuzuii. Alama inakuwa nukta ndogo, pengine haiumi sana, kijana anafuta kwa kitambaa anaendelea na kazi, na ndani ya mkono nyama zinaoza. Watu wamekatwa vidole, hata mkono, kwa kuchelewa. Ikitokea, ni hospitali dakika ileile, na wamwambie daktari kwa maneno haya: dizeli imeingia kwa presha. Wakitafuta mahali panapovuja, watumie kipande cha boksi, wasipapase kwa kidole. Na baada ya kuzima, reli ipewe muda itulie kabla ya kugusa bomba lolote.

Kuhusu wanaotaka ukate chujio, endelea kukataa. Nchi nyingi zinalihesabu kuwa kosa la kisheria, na wewe ndiye utakayetajwa gari likikaguliwa. Lakini kukataa peke yake hakujazi gereji. Mteja hakuja kwa sababu anachukia chujio, amekuja kwa sababu gari halina nguvu. Mwuzie jibu la hilo. Chujio halijai haraka bila sababu: turbo inapitisha oili, au nozeli inadondosha, au ile vali ya kurudisha moshi imegandia ikiwa wazi, au sensa ya presha ina bomba lililoziba. Tafuta sababu, toa chujio ulisafishe vizuri, mwonyeshe masizi yaliyotoka. Atakayebaki anataka kukata, muache avuke barabara. Wengine watarudi kwako taa ikiwaka tena, na hao wa kurudi huwa hawabishani.

Tena fikiria ni nani anavuta moshi wa gari lililokatwa chujio siku ya kwanza. Ni wewe, umeinama juu ya injini unasikiliza. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, ya mapafu hasa. Tangu 1988 walikuwa wanasema "yumkini". Hiyo yumkini wameiondoa. Kikohozi kilichokaa ni cha kupeleka kwa daktari, na umwambie umekaa kwenye gereji miaka mingapi, asidhani ni mafua. Gereji ipate mpira wa kutolea moshi nje, na lori lisipigwe resi ndani milango ikiwa imefungwa, hata mvua inyeshe. Mgongo siuongelei sana. Ukiacha kulala chini ya magari mawili usiku, nusu ya hadithi yake itaisha.

Umeme? Jifunze, hakuna elimu ya hasara, ila usiikimbilie kama mtu anayetoroka ndoa. Mzigo mzito wa barabarani bado unavutwa na dizeli, na aliyeshindwa kusamehe volti 5 hatafurahi akikutana na volti 400. Kama unataka kupiga mluzi zaidi, tangaza kwamba unapokea mashine za pampu ya kawaida: matrekta, majenereta, matipa ya zamani. Zipo bado nyingi na vijana wengi hawajui kuzipanga taimingi, yaani wakati wa kurusha mafuta. Itakupa siku nzuri mbili tatu kwa wiki, na za komoni reli zitakulipia zilizobaki. Usijifungie humo tu, maana mashine hizo zinapungua kila mwaka.

Sasa hiyo oili. Usiiendeshe pikapu kwenda gereji kuimwaga. Imwage hapohapo ilipo. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, inaumiza beringi za injini na za turbo, na ikizidi sana inaweza kuvutwa kwenye njia ya hewa, injini ikaanza kujichoma oili yake yenyewe na kukimbia. Ikifika hapo funguo haiizimi. Unaziba hewa, au unasimama mbali. Badilisha na filta, jaza mpaka alama, weka alama yako kwenye dipstiki. Kisha itoe barabara kuu, ikimbie bila kusimama mpaka chujio limalize kujichoma, uipime tena baada ya siku chache za safari ndefu. Ikikaa palepale, itangaze, na umwambie mnunuzi wazi kwamba gari hili linataka mwendo mrefu. Ikipanda tena, basi si safari fupi peke yake, kuna nozeli inayodondosha, na utahitaji kuitengeneza kabla ya kuiuza. Mchana, mpwa wangu, kwa saa za kazi, na uiandike kwenye daftari.